Kikombe cha Tatu

Dessalegn, mtafiti wa maisha ya watoto, alifika kwetu milimani Gondari akamuuliza baba kama mimi hufanya kazi.

"Huyu Wubalem? Kazi yake kusoma tu."

Mtafiti akaandika. Nami nilikuwa nimechuchumaa mbele yao nakaanga buni, kwa kuni nilizokata mwenyewe.

Nikawamiminia kikombe cha kwanza, kisha cha pili. Cha tatu ndicho chenye baraka, na mgeni haondoki bila kukinywa. Nikaliweka birika chini.

"Kaka Dessalegn, hilo swali niulize mimi."

"Mtoto hajibu mbele ya wageni," baba akafoka. "Mimina kahawa."

"Mmiminie wewe, baba. Mimi kazi yangu kusoma tu."