Maziwa Yasiyoonja Moto

Mama mmoja tusiyemjua alisukuma mlango wa darasa letu pale Bondeni, akasimama akichuruzika maji ya mvua, kibuyu cha maziwa kikining'inia begani.

"Mimi natafuta mtu anafundisha kijana yangu kuchemsha maziwa," akasema.

Wanafunzi wangu, watu wazima waliokuja kusoma jioni baada ya kazi, waliangua kicheko. Kosgei peke yake hakucheka. Aliinama mpaka kidevu kikagusa dawati.

"Ni mimi, mama," nikamjibu. "Naitwa Hiram."

"Wewe? Na hata ndevu bado."

Alikuwa Chepkurui, mama yake Kosgei, na alikuwa amepanda lori la viazi kutoka Kuresoi. Nilimpa kiti changu.

Mwaka huo wa 1959 nilikuwa nimetoka chuo kikuu majuzi tu, nikiamini kwamba mtu akiondolewa jiwe moja njiani, safari iliyobaki ataimaliza mwenyewe. Kosgei alikuwa mkamuaji katika shamba la mzungu karibu na Lanet, kibarua wa kufukuzwa siku yoyote. Sasa kiwanda kimoja cha maziwa mjini kilitaka Waafrika wa kupima maziwa: kazi ya kudumu, mshahara mzuri, na nyumba ya kukaa na mke na watoto. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Kila mtu angeleta chupa yake ya maziwa, ayapashe moto mbele ya mkaguzi mpaka kipimajoto kifike alama, asiyaepue mapema.

Na kila tulipojaribu, Kosgei aliyaepua mapema, mkono ukimtetemeka. Nilidhani ni papara. Kumbe maziwa tuliyokuwa tukijaribia yalitoka kwa ng'ombe wa mama yake, ambaye Kosgei alimchunga kule Lanet.

"Kwetu maziwa haiwekwi kwa moto," mama akaeleza. "Ukichemsha, ng'ombe anakauka. Na huyo ndiye analisha wajukuu wangu."

"Sasa akose kazi, mama?"

"Nani amesema akose? Ya mzungu achemshe mpaka iimbe. Yangu hapana."

Darasa zima likacheka, naye akacheka pia. Nikamwahidi kwamba hakuna tone la maziwa ya ng'ombe wake litakaloonja moto, na kwamba chupa ya mtihani nitaileta mimi. Alinitazama kidogo, akanimiminia kikombe, na kesho yake akarudi kwao.

Tulijaribu tena kwa maziwa ya dukani. Mkono wa Kosgei ulitulia kama wa mtu anayemwogesha mtoto mchanga.

Jumatatu asubuhi, nikivuka reli, baiskeli iliteleza na chupa ikapasuka. Nilifika kwenye lango la kiwanda suruali ikinuka maziwa. Ndani, mkaguzi alikwisha kuanza kuita majina. Kosgei alikuwa akiningoja langoni, ameshika chupa ya chakula chake cha mchana, maziwa ya ng'ombe yule yule.

"Tumia hayo," nikanong'ona. "Mama yuko Kuresoi. Nani atamwambia?"

"Mkono wangu utaniambia, mwalimu. Na tena, aliyeahidi si wewe?"

Wakati huo akapita Ndung'u, mpelekaji maziwa wa hoteli, madebe na chupa vikigongana nyuma ya baiskeli. Nilimsimamisha, nikamwomba chupa moja.

"Maziwa haya yana mwenyewe," akasema. "Yakipungua, nitatukanwa mimi." Kisha akalitazama koti langu la chuo, lenye nembo kifuani. "Lakini Jumamosi naoa. Kwa koti hilo, acha nitukanwe."

Sikuwa na koti jingine, na Ijumaa nilitakiwa mbele ya wakubwa wa elimu kuomba kazi yangu mwenyewe. Nililivua. Ndung'u alinipa chupa ya maziwa, akalivaa papo hapo, akajipangusa mabega, akaniuliza kama anapendeza. Nilikiri kwamba lilimkaa kuliko mimi.

Jina la Kosgei likaitwa. Kupitia dirisha nilimwona akiwasha stovu, akikoroga taratibu, macho kwenye kipimajoto. Hakuepua mpaka alama. Mkaguzi alionja, akatikisa kichwa kukubali, akamwambia aanze kazi wiki ijayo.

Alitoka anacheka, akaniuliza koti liko wapi.

"Limeenda harusini," nikamwambia.

Tuliketi kwenye nyasi nje ya lango, mimi na shati tu katika baridi ya Julai, tukanywa maziwa ya ng'ombe wa Chepkurui, baridi vile vile.