Katoni za Muriuki

...na anavuta tena, Nduta anavuta nywele kama anayeng'oa magugu, ngozi ya paji la uso inapanda, machozi yananitoka na sijui kama ni ya nywele, maana ameanza kusimulia upya, mikono iko kichwani kwangu, nami nimekaa kwenye kijistuli kati ya magoti yake hapa sokoni Kibuye, saa nne asubuhi, siwezi hata kugeuza shingo, "taya limevunjika mara mbili, Mama Beril, na jicho la kushoto daktari anasema hawezi kuahidi," kaka yake, Muriuki, muuza viatu vya mitumba, miaka sita Nduta ananisuka na leo ndiyo najua wamezaliwa tumbo moja, na kama vidole hivi vingejua vimeshika kichwa gani... Obiero ndiye alitaka sura, Obiero msimamizi wa mitandao ya chama, alituita wanawake wanne wenye simu nne, akasema watu hawakasirikii maneno, wanakasirikia sura, leteni sura, nikakumbuka ninayo picha moja, niliipiga siku niliyomnunulia Beril viatu vya shule, Muriuki ameinama akishusha katoni, alinitania kwa lugha yetu, Dholuo yake ya kubahatisha, akaniongezea kamba za viatu bure, nilipiga kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri, basi, na jana nikaandika chini yake, kwa kidole hiki, KURA ZA WIZI ZIMEFIKA KIBUYE, MWENYE KATONI NI HUYU, nikatuma kwa makundi kumi na saba, nikaenda kunywa chai... "Dakika arobaini tu baada ya ile mesej, walikuja na mawe na vyuma, akawaambia fungueni, ni viatu, fungueni muone, wakafungua, wakaona ni viatu, wakampiga na viatu vyenyewe." Hilo sikulijua. Video niliyoletewa ilianza akiwa tayari chini, mguu unashuka, mguu unashuka, mtu anacheka karibu na simu, na mimi nikaweka alama tatu za moto kwa sababu wenzangu wote walikuwa wameweka, halafu kitu kikapasuka, nilikisikia, nikafikiri ni ubao wa kibanda, Mungu wangu, lilikuwa taya... simu inatetemeka mapajani, naificha chini ya leso, Obiero, "Kazi safi, Lornah. Mgombea amefurahi sana. Sasa tafuta sura ya mtu wa mtaa wa Mamboleo, kabla ya saa sita," na kidole gumba changu, mbwa huyu, tayari kinapekua picha, mama wa mboga, mwenye duka la rangi, kila uso niliowahi kuupiga picha unaniangalia na kila mmoja namwona taya lake likining'inia... "Hukuona hiyo mesej, Mama Beril?" "Ipi?" nasema, na sauti inatoka nyembamba kama ya mtoto. "Ya picha. Hata mimi nililetewa, kwa kundi la soko. Nikaona ni ndugu yangu nikacheka, nikafikiri ni mzaha. Hebu inama kidogo." Nainama. Mkia wa kichana unapita nyuma ya sikio, unagawa ngozi, na natamani uingie, ausukume mpaka mwisho... hapana, huo nao ni woga, nataka aniadhibu bila kujua ananiadhibia nini. Nafungua kundi la soko. Obiero atatuma watu, anajua ninapokaa, anajua shule ya Beril, na miguu ile haichagui, leo yule, kesho mimi, nakosea herufi nafuta naandika tena, katoni za Muriuki zilikuwa za viatu, ule uongo niliuandika mimi, Lornah Akeyo, Mama Beril, kwa agizo la Obiero, natuma, soko, kisha kundi la wadi, kisha yote kumi na saba. Kwenye rafu, kando ya kioo, simu ya Nduta inalia, inanyamaza, inalia. "Si uangalie?" nasema. "Wacha ilie," anasema, na vidole vyake vinakusanya nywele za utosini, vinazibana hukohuko kwenye ngozi, "hili tuta nikiliacha litafumuka."