Mtandao Uliohama na Mfagiaji

Haya alinisimulia Asylkan, jirani yake Uulkan kule malishoni, mwezi wa Septemba mwaka juzi, siku tuliyokuwa tunaviringisha sufu ya kutengenezea zulia. Sufu huviringishwa kwa viganja na viwiko, wanawake sita wamepiga magoti kwa safu, na kazi ile haiishi kwa kukimbia, kwa hiyo aliyasema yote. Alipofika mahali pa aibu yake mwenyewe hakuruka. Nami siruki.

Jumanne moja ya mwezi wa Juni, Uulkan na mkamwana wake Meerim walisimama mbele ya kibanda cha simu katika soko la mji wa Naryn, kati ya muuza viatu vya mpira na mama wa mikate. Mezani kulikuwa na vishikwambi viwili vinavyofanana kama mapacha. Kimoja kilikuwa na kitundu cha kutia laini, unakwenda nacho popote penye mnara. Kingine hakikuwa na kitundu. Hicho kilitaka waifai, na bila waifai ni kioo cha kujitazamia.

Meerim alitaka chenye laini. Miaka miwili alikuwa anasomea utabibu msaidizi kwa njia ya mtandao, usiku watoto wakilala, mume wake yuko Urusi anajenga maghorofa. Mtihani wa mwisho ulipangwa tarehe kumi na nane Julai, saa nne asubuhi, mtihani mmoja, siku moja. Asiyeonekana kwenye kioo saa hiyo amefutwa, aanze upya kama mtu ambaye hajawahi kushika kitabu. Na Julai yote familia iko juu malishoni na farasi. Farasi jike hukamuliwa kila baada ya saa mbili, na kutoka malishoni mpaka kijijini ni mwendo wa kutwa.

"Chukua chenye laini, dada," alisema muuzaji, kijana aliyeitwa Sultanaly. "Huko mlimani waifai utapata ya nani, ya panya wa mashimoni?"

"Ya mama mkwe wangu," alisema Meerim.

Sultanaly alimtazama Uulkan, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya mafuta. "Ndiye mama mwenyewe? Nimesikia habari zake. Shikamoo mama."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Uulkan alifagia shule ya kijiji miaka kumi na tisa. Sanduku la waifai lilipoletwa, walilitundika kwenye chumba chake cha mafagio kwa sababu ndicho chenye ufunguo. Majira ya baridi chumba kile kiliganda, basi yeye akawa analifunika sanduku kwa shali yake kila jioni na kulifunua kila asubuhi. Miaka minne akafanya hivyo. Mwezi wa Machi akaambiwa amezeeka, asije tena, na hakuna aliyemtoa hata mpaka getini. Alipokwenda, mtandao ukaondoka naye. Sanduku lilibaki ukutani linawakawaka taa bure. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani kumwomba aurudishe.

"Sijaushika," Uulkan alimwambia. "Uko hapa, ongea nao mwenyewe."

Mwalimu mkuu aliongea nao kwa heshima robo saa nzima, akauahidi sanduku jipya. Haukwenda. Baada ya hapo Uulkan akawa anakwenda kukaa shuleni Jumatatu na Alhamisi, kwa ajili ya watoto tu, akileta na kiti chake. Mtandao ulifika hatua arobaini kutoka alipo, na kwenye kioo ulijiita Uulkan. Haukuwa na neno la siri. Ulimfungulia aliyemsalimia. Ukimwambia "hujambo" ukapita, ulipata kamstari kamoja. Ukiuliza habari za usiku, za mifugo, za watoto, za goti lake la kushoto, ulijaa wote.

"Lakini ramani inasema malishoni kwenu kuna mnara," alisema Sultanaly, akatandaza ramani ya kampuni ya simu. Bonde lao lote lilikuwa limepakwa kijani.

Uulkan aliinama, akaweka kidole. "Hapa ndipo ninapokaa kila kiangazi tangu niolewe. Kijani nilichokiona hapa ni majani."

"Mama, imeandikwa!"

"Mnara upo, siupingi. Nimeupandia farasi nikauona. Umegeukia hoteli ya maji ya moto, upande wa pili. Sisi umetupa mgongo."

Meerim aliendelea kukishika chenye laini. Alisema polepole, akitazama chini, "Mama, nisamehe. Hiki kingine kitanifunga kwako kama mwana-farasi kwenye kamba. Nikitoka hatua arobaini na moja, mimi si kitu."

"Kweli," alisema Uulkan. "Na hicho chako kitakufunga kwa mnara uliotupa mgongo. Chagua mgongo wa kukaa nyuma yake. Mtihani ni wako."

Meerim alisimama pale mpaka mama wa mikate akauza mikate yake mitano. Kisha akachukua kisicho na kitundu. Alinuna njia nzima ya kurudi.

Asylkan, aliyenisimulia haya, hema lake liko ng'ambo ya kijito kutoka kwa Uulkan. Wiki ileile alinunua kishikwambi chenye laini, tena chekundu. Walipohamia juu alikuja kukionyesha.

"Mimi sitaki mtandao wa kumwomba mtu," alisema. "Mimi nalipia changu."

Siku tatu alizunguka mlimani amekiinua juu ya kichwa kama mtu anayebeba sinia. Alipanda jiwe, akapanda farasi, akapanda farasi juu ya jiwe. Siku ya nne alivuka kijito, akapiga magoti mlangoni kwa Uulkan.

"Habari za usiku, jirani. Mifugo mizima? Goti linaendeleaje?"

"Goti limekusubiri siku tatu," alisema Uulkan. "Kaa unywe chai."

Tarehe kumi na nane asubuhi Meerim alikamua farasi raundi ya kwanza, akanawa, akavaa koti jeupe, akakaa ndani ya hema mbele ya kioo. Sheria za mtihani zilisema mtahiniwa awe peke yake ndani. Kwa hiyo Uulkan alikaa nje, chini, mgongo wake ukigusa ukuta wa hema, na mtandao ukapita kwenye sufu ya ukuta. Watoto walipelekwa kwa Asylkan.

Saa nne kamili akatokea msimamizi, mwanamume wa mji mkuu, Bishkek, mwenye tai na mafua.

"Jina lako."

Meerim akalitaja.

"Mahali ulipo."

Akapataja.

"Taja kwa sauti jina la mtandao unaotumia. Ni kanuni mpya."

Hapo Meerim akakwama.

Kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la mama mkwe wake. Hatamki la baba mkwe wala la shemeji wakubwa. Kama shemeji anaitwa Mbwa Mwitu, yeye atasema "yule mlia usiku". Meerim alikuwa kwenye nyumba ile mwaka wa sita na jina lile lilikuwa halijapita mdomoni mwake hata akiwa peke yake kisimani. Kulibonyeza kwenye kioo alibonyeza, maana wanawake wa kijiji walikwisha kukaa wakaamua kwamba kidole si mdomo. Lakini kutamka ni kutamka.

"Ni mtandao wa aliyemzaa baba wa watoto wangu," alisema.

"Hilo si jina. Kwenye fomu kuna nafasi ya jina."

"Ni wa mwenye kiti cha juu katika nyumba hii."

"Dada, hata mke wangu halitaji jina la mama yangu, naelewa," alisema msimamizi, akafuta pua. "Lakini mimi hapa si mume wa mtu. Una dakika moja, halafu mashine inafunga yenyewe. Siifungi mimi."

Kwenye kona ya kioo namba zikaanza kushuka. Hamsini. Arobaini na tano. Meerim aliweka mikono juu ya magoti. Thelathini. Asylkan aliniambia yeye alikuwa kijitoni na watoto, na alimwona Uulkan akigeuza uso wake kuelekea ukuta wa hema, akavuta pumzi kama anayeita ng'ombe kutoka bonde la pili.

"Uulkan!" alipiga ukelele. "Uulkan binti Jumagul! Andika, mwanangu, kabla sijazeeka zaidi!"

Farasi wote waliinua vichwa. Msimamizi aliinuka kitini kule Bishkek.

"Nani huyo? Chumbani kuna mtu wa pili!"

"Sipo chumbani, nipo kwenye majani. Na mimi si mtu wa pili. Mimi ndiye mtandao."

Msimamizi alisoma sheria zake mbele na nyuma. Mtu wa pili alikatazwa. Kuhusu mtandao kujitaja hapakuwa na katazo.

"Basi mtandao usitoe majibu," alisema.

"Majibu niyatoe wapi? Mimi shule nilifagia, sikusoma."

Akaandika kwenye fomu: *mtandao umejitambulisha wenyewe, kwa sauti.* Namba zilikuwa zimefika nne. Maswali yakafunguka.

Mtihani ulikuwa wa saa mbili. Ilipofika nusu yake wingu likashuka kutoka kwenye vilele vya theluji na mvua ya mawe ikaanza, punje kubwa kama vidonge vya jibini kavu tunavyotia mfukoni. Kila mwenye miguu alikimbilia hemani. Uulkan hakuweza kuingia, kwa sababu ya sheria. Hakuweza kwenda kwa Asylkan, kwa sababu ya hatua arobaini. Akabaki amekaa. Asylkan alikimbia akamfunika zulia zito la sufu, mara ndani Meerim akakohoa, maana sufu juu ya sufu ilizidi, maswali yakaanza kuja nusunusu. Uulkan akalitupa zulia.

"Utakufa hapo, mwanamke!" Asylkan alimwambia.

"Nikifa yupo tabibu humu ndani. Acha amalize swali."

Basi Asylkan akakaa naye. Aliniambia, huku sufu inaviringika chini ya viwiko vyake, kwamba mawe yalimpiga mpaka akahesabu majina ya jamaa zake waliokufa, na kwamba siku ile hakujali tena kile kishikwambi chake chekundu. Farasi walichelewa kukamuliwa na wakavumilia.

Mvua iliisha kabla ya mtihani. Saa sita mlango wa hema ulifunguka, Meerim akatoka amekishika kioo kwa mikono miwili kama bakuli lililojaa.

"Mama," alisema. "Tisini na mbili kwa mia. Nimekuwa wa kwanza mkoa mzima."

Uulkan alikuwa na mawe ya barafu kwenye mikunjo ya kilemba na uvimbe uliopasuka juu ya jicho. Alifikiri kidogo.

"Na nane zimekwenda wapi?" aliuliza.

Kisha akamvuta, akamnusa kichwani kama anavyonuswa mtoto, na Asylkan akapiga vigelegele mpaka kikohozi kikamshika. Jioni ile walikuja watu wa mahema kumi na moja. Kondoo akachinjwa. Kila aliyefika alimsalimia Uulkan salamu ndefu, na kila mwenye simu akampigia mwanawe Moscow kumwambia bonde lao sasa lina tabibu. Meerim alishona jeraha la mama mkwe wake kwa uzi mmoja, mbele ya wageni wote, na Uulkan hakukunja hata uso.

Siku ya nne akapanda bwana mmoja wa kampuni ya simu, na gari, na ramani. Alikuwa na fomu kutoka ofisi ya mitihani inayosema mtandao wa malishoni ulikuwa na nguvu saa mbili mfululizo, hata katika mvua ya mawe. Alitaka sahihi.

"Ule ulikuwa wangu," alisema Uulkan.

"Sikatai, mama. Lakini fomu haina nafasi ya mtandao wa mtu. Ina nafasi ya ramani, na ramani ni ya kijani. Sasa tunao na ushahidi."

"Ugeuzeni mnara ututazame."

"Kwa nini ugeuzwe, mama, wakati mmeshaonekana mnapata?" Alisema bila ubaya, akikanda paji la uso. "Ofisini watafurahi sana. Wataweka picha ya huyu dada kwenye kalenda."

Uulkan alikataa kutia sahihi. Bwana yule akaandika kwamba mhusika alikuwepo, na kwa kampuni ilitosha. Alipoinuka aende akayumba, akashika nguzo ya hema. Mtu wa nchi ya chini akipanda mlimani haraka kichwa humpasuka. Meerim alimkalisha, akampima presha, akamtazama macho, akamwambia leo haendeshi gari.

"Lakini, dada, nina ripoti ya—"

"Mimi ni tabibu wa bonde hili. Lala chini."

"Sawa, daktari," alisema yule bwana, akavua viatu.

Alikunywa alichopewa, akalala kabla jua halijazama, ramani yake chini ya kichwa. Watoto wakalala. Meerim alisimama kukusanya mabakuli, maana mkamwana ndiye hulala wa mwisho na kuamka wa kwanza, na hilo halijabadilika tangu mahema yaanze kusimamishwa. Uulkan akamnyang'anya kitambaa.

"Nenda kalale, Daktari. Mgonjwa wako atakuhitaji alfajiri."

Meerim alitaka kubishana, akaona haina faida. Alilala na koti lake jeupe. Uulkan aliosha mabakuli moja moja, akayafuta, akayapanga, akafunika moto kwa majivu. Nyuma ya mlima mnara ulikuwa unaitazama hoteli, kama mwaka jana. Akavua kilemba, akajinyoosha upande wa goti zima, akalala.