Gia ya Pili

Baada ya kiharusi, daktari alimruhusu mume wangu kutembea kwa fimbo. Kuendesha gari alijiruhusu mwenyewe. Gari lenyewe ni kuukuu kuliko ndoa yetu, na siku zote nimeliita mke mwenzangu, maana lilipakwa nta kila wiki na mimi sikupakwa chochote.

Sasa lilikuwa limeanza kugoma. Gia ya kwanza iliingia kwa kusaga meno, ya pili haikuingia kabisa. Lilimzimikia pale pale getini, jasho likimtiririka. Alisema gari likipona, na yeye atapona. Alisema hivyo kila asubuhi, mpaka na mimi nikaamini.

Tukamwita fundi. Alikuwa kijana mpole, aliomba gazeti la kutandikia vyombo vyake asichafue sakafu ya baraza letu. Akamwaga oili ya giaboksi, akatia mpya. Akapaka grisi kwenye maungio ya mkono wa gia. Akakaza kebo ya klachi. Kila alipomaliza kitu kimoja, mume wangu alipanda kujaribu, na chuma kikalia vile vile. Fundi akamtania kwamba gari hili lina wivu, halitaki kushikwa na mwanamume mwingine. Mume wangu akacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo uliobaki wa kuchekea.

Mwishowe fundi akaomba alizungushe mwenyewe. Tukasimama getini kutazama. Gari likaondoka, likaingia gia ya pili, kisha ya tatu, bila hata kukohoa. Likapinda kona, likarudi, likaingia uani kinyumenyume.

Nilielewa polepole. Giaboksi haikuwa na neno. Ni mguu wa kushoto wa mume wangu, ule uliopigwa na kiharusi: ulikanyaga klachi nusu, na yeye akadhani umefika chini.

Fundi alikaa kidogo ndani ya gari, mikono kwenye usukani. Aliposhuka hakunitazama usoni.

"Mzee wangu, giaboksi imekwisha," alisema. "Hapo nimeibembeleza tu. Na spea zake siku hizi hazipatikani."

Mume wangu alikuwa dereva maisha yake yote. Alimtazama yule kijana, na nikajua angeweza kumbishia neno kwa neno.

"Ahsante, mwanangu," alisema. Akaupokea ufunguo, akanipa mimi bila kuuangalia.

Fundi akakusanya vyombo vyake. Kabla ya kuondoka alifuta kwa kitambaa safi pedali zote tatu, taratibu, kama mtu anayemnawisha mgonjwa. Nikamshika mzee mkono turudi ndani. Kwenye ngazi akasimama.

"Umesikia ya pili ilivyoingia?"

Nikamwambia nimeisikia.

Mazoezi ya mguu aliyopewa hospitalini ameyaacha. Nikimtolea kiti barazani, anakigeuza kwanza ndipo akae, gari libaki mgongoni kwake. Mimi huketi karibu naye, nikitazama ukuta anaoutazama.