Tausi Ubavuni mwa Kompyuta

Enzi zake mzee alichora mabango ya maduka, na watu wakambandika jina la Mstari kwa sababu hakuwahi kushika rula na bado mistari yake ilinyooka. Kisha maradhi yakampiga upande wa kulia. Mguu ulipona, ulimi ukarudi pamoja na utani wake wote, ila mkono ukabaki unatetemeka. Tangu hapo aliyemwita Mstari hakuitikiwa.

Asubuhi moja binti yake wa mwisho, fundi wa kompyuta, alimjia na kasha tupu la kompyuta. Lilikuwa la chuma, jeusi, limejaa mikwaruzo. Alilitua barazani juu ya magazeti.

"Baba, nataka tausi hapa ubavuni."

"Tafuta mchoraji."

"Ndiye niliyemfuata."

"Mwanangu, mkono wenyewe ndio huu. Hata chai, nusu nainywa, nusu naivaa."

"Sikupi brashi. Tutakata umbo la tausi kwenye karatasi ngumu, tuibandike, halafu tupulizie rangi ya kopo. Ukingo wa karatasi ndio utakaoshika mstari. Wewe utapuliza tu."

Ile "tu" ilimchoma. Yeye, wa kupuliza tu! Akageuza uso kutazama barabara.

Mkewe alikuwa mlangoni akichambua mchele. Alimjua mumewe: ukimbembeleza anakaza, ukimwacha anakuja mwenyewe. "Mwache baba yako apumzike," akamwambia binti, macho yakiwa kwenye ungo. "Ataweza wapi?"

"Nani kasema siwezi?" Mzee akavuta kigoda.

Binti alichora tausi kwa penseli, akaanza kumkata kwa wembe. Alipofika kwenye mkia, mzee akamzuia. "Hayo madoa ukiyakata kuyazunguka yote yatadondoka. Acha vijidaraja vya karatasi vya kuyashikilia." Binti akaacha.

Walijaribu kwanza kwenye kipande cha bati. Mzee alishika kopo kwa mkono wa kulia, akabonyeza. Rangi ikamwagika kwa wingi, ikapenya chini ya karatasi. Walipoibandua, shingo ya tausi ilikuwa imevimba kama ya mtu mwenye rovu.

Mzee akaweka kopo chini polepole. "Umeona sasa?" Akashika ukuta ili ainuke aende zake ndani.

 Binti aliifuta karatasi, akaibandika tena pembeni, akapuliza mwenyewe. Akabandua. Shingo ikavimba vilevile, tena zaidi.

Mzee akainama kuitazama, akarudi taratibu kwenye kigoda. Binti yake alikuwa na mikono mitulivu ya kuunganisha nyaya nyembamba kama nywele, na bado rangi ilikuwa imemtoroka.

"Kumbe si mkono wangu," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. "Tunalisogeza kopo karibu mno."

Basi wakahamia kwenye kasha. Walilipiga msasa, wakalifuta vumbi, wakabandika karatasi na kuikandamiza kingo zote. Safari hii mzee alilikumbatia kopo kwa mikono yote miwili, akalirudisha nyuma, akapuliza kidogo kidogo huku akilipitisha kutoka upande hadi upande. Wakaiacha rangi ikauke juani. Akarudia, ikakauka, akarudia tena. Mama akauliza kutoka mlangoni kama tausi huyo anakula mchele.

Binti aliibandua karatasi kwa kucha. Tausi alitokea wa buluu iliyoiva, mkia wazi, madoa yote mahali pake. Chini ya bawa rangi ilikuwa imevuja kidogo.

"Hapo nipaguse," mzee akasema.

"Usipaguse, Baba. Nimepapenda."

Akataka kubishana, akaghairi. Akafuta macho kwa mkono wa shati, akajipaka rangi ya buluu shavuni, na mkewe akacheka mpaka ungo ukayumba.

Kasha lilikaa mezani kwenye karakana ya binti, na wateja wakawa wanaliulizia. Mmoja akaja nyumbani na la kwake, akitaka simba.

"Manyoya ya simba yana kazi," mzee akamwambia, akiligeuza kasha kwenye mwanga. "Nitakufanyia. Ila usinikimbize."