Viwavi Havikai Matanga

Januarius alikufa mahindi yakiwa magotini, na kwa mtu wa Mwamapalala hakuna wakati mbaya wa kufa kama huo. Specioza, mkewe, ndiye wa kwanza kulifikiria hilo, akajichukia kwa kulifikiria. Mume yuko mochwari Bariadi, yeye yuko mkekani amejitanda khanga, halafu akili inakimbilia mahindi ya majirani! Lakini ilikimbilia huko, afanyeje?

Viwavijeshi vilikuwa vimeingia. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeviona, siku chache kabla ya kuugua. Alifunua moyo wa mmea, pale majani yanapochipukia, akakuta kinyesi kama unga wa mbao na chini yake kiwavi mdogo, bado laini. Miaka yote aliwaimbia majirani wimbo mmoja: kipige dawa kikiwa mtoto, asubuhi mapema, kabla hakijanenepa na kujichimbia ndani. Ukichelewa unamwaga dawa bure. Na bomba la kupigia dawa, zima, lilikuwa moja tu kitongoji kizima, la Januarius, nyuma ya mlango wa chumba chake.

Nani angethubutu kuliomba? Na hata angelipata, angeingiaje shambani? Pale mtu akifa, kazi za shamba husimama mpaka kaburi lifukiwe. Kaburi nalo lilikuwa linamngoja Elia, mtoto wao pekee, aliyekuwa njiani kutoka machimboni Chunya, na mvua zimekata barabara.

"Msimzike baba bila mimi," alisema kwenye simu. "Mama, nakuomba."

Specioza akamwahidi. Mama gani angekataa?

Basi watu wakakaa, wanaume kwenye mabenchi uani, wanawake ndani. Hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lililomchoma. Angalau wangenung'unika! Apolonia, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwaka jana njaa ilimbana mpaka akala mbegu. Alipomletea uji, Specioza alimshika mkono.

"Shamba lako umeliona?"

"Mayu, mama yangu, tuko msibani. Kunywa uji."

"Nimekuuliza, Apolonia."

Apolonia akatazama chini. "Nililipitia nikienda kisimani. Majani yameanza kutoboka. Tuyaache hayo, Mama Elia."

Specioza aliweka kikombe chini, akainuka, akaingia chumbani. Alipotokea uani amekumbatia bomba, wanaume wote waligeuka. Kasmiri, kaka mkubwa wa marehemu na msemaji wa ukoo, alisimama.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nawapa ruhusa. Waende alfajiri wakapige dawa, kisha warudi tukae."

"Ruhusa! Mdogo wangu hajalala ardhini, watu wafanye kazi? Utasemwa mpaka Lamadi."

"Na nisemwe! Mdogo wako aliwapigia kelele hawa watu wasichelewe. Leo wachelewe kwa ajili yake yeye? Viwavi havikai matanga, shemeji!"

Kasmiri alirudi kuketi benchini. Hakuwa mtu mbaya. Siku alipozika watoto wake wawili, mila hiyohiyo ilimjazia ua watu, na hakuisahau.

"Mashamba yao, sawa," alisema hatimaye. "La marehemu asilikanyage mtu mpaka azikwe. Hilo si lako kuliruhusu, wala si langu."

Specioza alilijua hilo tangu alipoinuka mkekani.

"Sawa," alijibu, akamkabidhi Apolonia bomba.

Kuanzia hapo kila alfajiri bomba lilihama shamba kwenda shamba. Watu walinawa kwa sabuni, wakabadili nguo, ndipo wakaingia uani na salamu yao ya asubuhi, "mwangaluka," ya chinichini, bila kumtazama mjane usoni. Walijua, naye alijua, kinacholiwa nyuma ya nyumba yake. Iliuma, jamani, isikie hivyo hivyo.

Elia akafika, wakazika. Kaburi lilikuwa ukingoni mwa shamba, na wakati wa kuzika kijana hakuona kitu kingine zaidi ya lile shimo. Watu walipoanza kutawanyika ndipo alipoinua macho. Shamba la Apolonia lilikuwa la kijani, linatoa majani mapya. La jirani wa upande wa pili vilevile. La baba yake lilikuwa mashina na vitambaa vya majani.

"Mama," alisema, "si baba ndiye aliyewafundisha hawa wote? Letu limekuwaje?"

Specioza alikuwa amechoka mno kutafuta maneno laini.

"Letu lilikungoja wewe, mwanangu. Kama baba yako."

Elia akachuchumaa kando ya udongo mbichi, akalia kwa sauti. Mama yake akakaa naye palepale kwenye tope, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe, na yeye akalia.