Jezi ya Golikipa

Dada, mfuaji wa jezi za timu, alikuwa akisugua kola ya jezi ya nahodha, povu limempanda mpaka viwikoni, mdogo wake alipoingia uani akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hata salamu hakutoa.

Dada mtu hakumlaumu. Jana timu ilihitaji sare tu itwae ubingwa wa ligi, wa kwanza tangu klabu ianzishwe, na sare ilikuwepo mpaka dakika za majeruhi. Ndipo mpira mlegevu, wa kuokota tu, ukamponyoka golikipa na kujikokota hadi wavuni. Golikipa mwenyewe ndiye huyo aliyekalia ndoo.

"Yangu iko wapi?"

"Ipi?"

"Dada, usinizungushe. Nifulie jezi yangu kwanza. Jioni nairudisha."

Dada alielewa. Katika klabu ile, anayeacha timu humpelekea mwenyekiti jezi yake kwa mkono wake, imefuliwa na kupigwa pasi. Chafu haipokelewi. Na ikishapokelewa, ndiyo basi, hakuna kurudi.

Mumewe, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, akadakia. "Shemeji, mimi jana nililia mpaka jirani akaja kunipa pole ya msiba. Lakini mbona redio niliyosikilizia mechi sijairudisha dukani?"

Golikipa alijikaza asicheke. "Ule mpira hata bibi angeudaka."

"Angeudaka," dada alikubali. "Na zile penalti za ugenini, alizipangua bibi?"

"Sasa wananiita Mlango Wazi."

"Msimu mzima walikuita Komeo. Ulikataa?"

Kijana akainamisha kichwa. "Nifulie tu, dada."

Dada akaivuta jezi kutoka chini ya rundo, akaitandaza magotini. Tope lilikuwa limekauka kila upande.

"Hili la begani ni la lile shuti la mwanzo?"

"Hapana, la begani ni la kona. Lile shuti niliangukia ubavu."

"Ubavu upi?"

"Huu! Nilitoka hivi, nikajinyoosha…" Tayari alikuwa amesimama, mikono hewani.

"Kamba, shemeji! Utatuangushia nguo!"

Golikipa akashusha mikono, akaona haya kama aliyefumaniwa akicheka msibani. Dada aliizamisha jezi peke yake kwenye beseni la maji safi, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mbona umeacha?"

"Tope lako bishi. Litalowekwa mpaka kesho."

"Tangu lini ukaloweka jezi?"

"Tangu leo."

"Na kesho?"

"Kesho tutaliangalia. Njoo ushike huku, mgongo unaniuma."

Golikipa akalitazama beseni, kisha akashika pindo la jezi ya nahodha. Wakaanza kuikamua, yeye akisokota kulia, dada kushoto.

"Kaza," dada alisema. "Unaibembeleza ya nini?"